Seyyid Barghash na Glasgow: meli ya anasa iliyozama mbele ya kasri

Msikilizaji wetu, ukishuka mjini kutoka shamba na ukapata nafasi ya kupumzika Forodhani, huenda umewahi kuiona meli ndogo nyeupe imetia nanga mbali kidogo na bandari. Si ile meli kubwa inayoshusha watalii kwa maelfu. Hii ni ya watu wachache, kila mgeni na chumba chake, chakula chake na mhudumu wake. Hutia nanga mahali meli kubwa hazifiki, wageni wakashushwa kwa boti, na siku ya pili ukitazama haipo tena.

Wengi wetu hudhani hayo ni mambo ya utalii wa leo. Lakini karibu miaka 150 iliyopita bandari hiyo hiyo ilikuwa na meli ya anasa iliyojengwa Ulaya kwa ajili ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mfalme wa hapa hapa Unguja. Jina lake ni Seyyid Barghash bin Said. Meli iliitwa Glasgow.

Katika makala hii tunayaeleza maisha ya Seyyid Barghash kwa njia ya meli. Tumechagua njia hiyo kwa sababu karibu kila jambo kubwa lililompata lilikuja kwa meli, liliondoka kwa meli, au lilimfika akiwa ndani ya meli.

Kijana na maiti ya baba yake

Seyyid Barghash alizaliwa mwaka 1837, mtoto wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyeifanya Unguja kuwa makao yake makuu na kuhimiza kilimo cha karafuu. Seyyid Said alikuwa mtu wa bahari. Alikuwa na marikebu za vita na za biashara, na mwaka wake ulifuata upepo: kaskazi ikivuma vyombo hushuka kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikivuma hupanda kurudi.

Kuna kisa kimoja cha Seyyid Said kinachofaa kukumbukwa hapa. Alimpa mfalme wa Uingereza marikebu kubwa ya vita iliyoitwa Liverpool, yenye nafasi ya mizinga 74. Mfalme naye, mwaka 1836, akamrudishia zawadi: yoti ya kifalme iliyoitwa Prince Regent, yaani meli ya starehe, iliyopambwa ndani kwa fahari ya kizungu. Seyyid Said hakuwa na kazi nayo. Baadaye aliitoa kwa Waingereza wa Bara Hindi. Mzee huyo alitaka chombo cha kubeba mizigo au cha kupigana, na kile hakikuwa cha kazi hizo.

Tarehe 19 Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini, karibu na Shelisheli, akiwa ndani ya marikebu yake Victoria akirudi kutoka Maskati. Barghash alikuwamo humo, kijana wa miaka kama 19. Desturi ya baharini ni maiti kuzikwa majini. Barghash hakukubali. Aliirudisha maiti ya baba yake Unguja, akashuka usiku kimya kimya, na akajaribu kuishika ngome kabla mji haujajua kwamba mfalme amekufa. Hakufanikiwa. Kaka yake, Seyyid Majid, ndiye aliyekalia kiti.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, alijaribu tena. Ndugu zake wa kike walikuwa upande wake, akiwamo Binti Salme, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu maisha yake. Nyumba ya Barghash mjini ilipozungukwa na askari, dada zake walimtoa akiwa amevaa mavazi ya kike, akapita mbele ya walinzi. Wafuasi wake walijikusanya katika shamba la Marseilles, nje ya mji. Waingereza wakamsaidia Majid kwa askari wa majini na mizinga, na uasi ukavunjika. Barghash akapakiwa katika meli na kupelekwa Bombay, uhamishoni.

Huko alikaa kama miaka miwili. Bombay ilikuwa bandari kubwa, na meli za moshi zilikuwa zikiingia na kutoka bila kungoja upepo. Jambo hilo kwa mtu wa pwani yetu halikuwa dogo. Jahazi likikosa upepo wake hukaa miezi. Meli ya moshi yenye makaa huondoka siku mwenyewe anayotaka.

Kimbunga, na mkataba uliosainiwa mbele ya manowari

Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akawa Sultani wa Zanzibar. Hakupata hata miaka miwili ya utulivu. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Mikarafuu ya kisiwa hiki iling'olewa kwa sehemu kubwa, ilhali Pemba ilinusurika. Vyombo vilivyokuwa bandarini vilitupwa pwani na kuvunjika, na marikebu za Sultani zikapotea pamoja navyo. Mfalme aliyerithi ufalme wa bahari akajikuta karibu hana meli.

Mwaka uliofuata Uingereza ilimtaka akomeshe biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Hapa lazima tuseme wazi, msikilizaji. Utajiri wa mji ule, karafuu zake, nyumba zake za mawe na majumba ya wafalme, ulisimama kwa kiasi kikubwa juu ya jasho la watumwa. Wengi wao walitolewa bara, wakalima mashamba ya Unguja na Pemba. Upande wetu wa Ng'ambo, ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari uliokuwa ukiingia hadi Darajani, ulikua kwa vibanda vya watumwa, watu walioachwa huru, wageni wa bara na maskini wengine wasiokuwa na nafasi Mji Mkongwe.

Barghash alisita. Aliogopa hasara, na aliwaogopa wenye mashamba. Konseli wa Uingereza, John Kirk, akamweleza kwamba akikataa, manowari zitakifunga kisiwa, hakuna chombo kitakachoingia wala kutoka. Tarehe 5 Juni 1873 alisaini. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na mahali pale likajengwa kanisa ambalo lipo hadi leo. Utumwa wenyewe haukuisha siku ile. Uliendelea mashambani mpaka sheria ya 1897, na kwa wengine hata baada ya hapo. Lakini Barghash alikuwa amejifunza somo moja: mwenye manowari ndiye mwenye neno la mwisho.

Safari ya London

Mwaka 1875 Serikali ya Uingereza ilimwalika. Alifuatana na Kirk pamoja na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi mwenye nguvu katika biashara ya Unguja. Walisafiri kwa meli ya moshi. Huko alipokewa na Malkia Victoria, akatembezwa London na miji ya viwanda kama Liverpool, Manchester na Birmingham, kisha akarudi kwa njia ya Ufaransa na Misri.

Fikiria safari hiyo kwa mtu wa zama zile. Unalala, unakula, unaswali, na nyumba yako inakwenda. Huhami, huburuti mizigo, huna haja ya kuomba nafasi kwa mwenye nyumba wa ugenini. Kila bandari unayofika, watu wanakuja kwako. Hiyo ndiyo ladha ya meli ndogo ya anasa, jana na leo. Mwenyewe hutembea duniani bila kutoka nyumbani kwake, na hachanganyiki na umati. Kwa mfalme kulikuwa na jambo la pili. Wafalme wa Ulaya walikuwa na yoti zao, na walipotembeleana walikwenda nazo. Mtawala aliyefika kwa meli ya mtu mwingine alikuwa mgeni wa mwenye meli. Mwenye meli yake alikuja na bendera yake.

Haishangazi basi kwamba Barghash aliagiza yake.

Glasgow yafika

Glasgow ilijengwa Scotland na kukamilika mwaka 1878. Ilifuata umbo la manowari ya Uingereza yenye jina hilo hilo. Ilikuwa na mitambo ya moshi na pia milingoti ya matanga, na uzito wake ulikuwa kama tani 1,400. Gharama yake ilizidi pauni 30,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Ndani ilitengenezwa kwa starehe ya Sultani. Juu iliwekwa mizinga midogo saba, pamoja na bunduki ya rashasha aina ya Gatling iliyokuwa zawadi ya Malkia Victoria.

Kwa macho ilikuwa meli ya kifalme. Lakini haikumridhisha mwenyewe. Badala ya kusafiri, ilikaa nangani mbele ya mji, mwaka baada ya mwaka. Na meli iliyosimama, msikilizaji, bado inakula. Mabaharia wanataka mshahara na chakula, chuma kinataka rangi, mitambo inataka mafuta, na makaa ya mawe hayachimbwi Unguja, huletwa kutoka nje. Wenye ngalawa na mashua wanalijua hili vizuri: chombo kisichokwenda baharini huoza upesi kuliko kinachofanya kazi.

Hivyo kisa cha baba kikajirudia kwa mtoto, ila baba alipewa yoti bure na mtoto alinunua.

Meli zilizobeba mchele

Lakini tukimhukumu Barghash kwa Glasgow peke yake tutamdhulumu. Miaka hiyo hiyo alinunua meli nyingine za moshi, nyingi zikiwa zimekwisha tumika. Moja iliitwa Nyanza, iliyowahi kuwa ya makampuni ya Kiingereza kabla ya kununuliwa kwa niaba yake mwaka 1880. Hizi hazikuwa za kujionyesha. Zilikwenda Bombay na kurudi na mchele na bidhaa nyingine, na mchele ulipokuja kwa wingi bei ilishuka kwa watu wa kawaida. Nyingine zilichukua mahujaji kwenda Makka bila nauli. Kwa masikini wa Unguja, aliyekuwa akiweka akiba maisha yake yote asifikie nauli ya hija, meli kama hiyo ilikuwa na thamani kuliko yoti kumi.

Na nchi kavu alifanya kazi ya namna hiyo hiyo. Aliyavuta maji safi kutoka chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini kwa mifereji na mabomba. Jambo hilo lilikuwa kubwa, kwa sababu kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya watu Unguja katika miaka ya nyuma. Alijenga hamamu ya umma pale panapoitwa Hamamni hadi leo. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na habari iliyokuwa ikichukua wiki nyingi ikawa inafika siku ile ile. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, jumba refu kuliko yote mjini.

Kwa hiyo ndani ya mtu mmoja kulikuwa na watu wawili. Mmoja alipenda kuonekana. Mwingine alijua watu wanakula nini na wanakunywa nini. Wote wawili walichota katika mfuko mmoja, mfuko wa ushuru wa bandari na karafuu.

Manowari za Wajerumani

Mwaka 1884 Wajerumani walianza kuwasainisha mikataba machifu wa bara, katika nchi ambazo Barghash alizihesabu kuwa ziko chini yake. Alipolalamika, jibu lilikuja kwa meli. Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilijipanga mbele ya kasri lake, mizinga ikielekea mjini.

Katika msafara huo kulikuwa na mtu aliyemjua vizuri. Dada yake Salme, yule aliyemsaidia mwaka 1859, alikuwa ametoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kubatizwa kwa jina la Emily Ruete. Sasa alikuwa mjane, amerudi na watoto wake ndani ya meli ya Wajerumani kudai urithi. Barghash alikataa kuonana naye. Ndugu hao wawili walikuwa umbali wa mashua moja tu, na hawakuzungumza.

Glasgow nayo ilikuwa pale pale nangani. Mizinga yake midogo saba isingeweza kitu. Barghash alikubali matakwa ya Wajerumani, na mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi za bara kwenye meza. Sultani akaachiwa visiwa, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na miji michache ya kaskazini.

Afya yake ikazorota. Mapema mwaka 1888 alisafiri Maskati kutafuta nafuu. Alifariki Machi 1888, mara tu baada ya kurudi Unguja, akiwa na umri wa miaka kama 51. Baba yake alifia njiani akitoka Maskati. Yeye aliifikia ardhi, lakini kwa kidogo.

Asubuhi ya 27 Agosti 1896

Hadithi ya meli haikuisha na mwenyewe. Uingereza iliitangaza Zanzibar kuwa nchi ya himaya yake mwaka 1890. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Seyyid Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia kasri na kujitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza. Alikuwa na watu kadiri ya 2,800, mizinga michache, na ile Glasgow ya baba yake.

Waingereza walikusanya manowari tano na kumpa muda hadi saa 3:00 asubuhi ya tarehe 27. Hakushuka. Saa 3:02 mizinga ikaanza. Kasri na nyumba za jirani zilikuwa na mbao nyingi, zikavunjika na kuwaka moto. Mabaharia wa Glasgow, kwa meli isiyojengwa kwa vita, waliipiga manowari kubwa St George kwa mizinga yao midogo. Jibu lilikuwa la dakika chache. Glasgow ilitobolewa na kuanza kuzama. Mabaharia wake wakapandisha bendera ya Uingereza ishara ya kusalimu amri, wakaokolewa kwa boti.

Kufika saa 3:40 mapigano yalikuwa yamekwisha. Upande wa Khalid watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa, wanaume kwa wanawake. Upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani na baadaye akapelekwa Dar es Salaam.

Maji pale hayakuwa na kina kirefu. Meli ilikaa chini, milingoti yake ikabaki juu ya maji, ikionekana na kila aliyeingia bandarini. Ilibaki hivyo kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1912 mabaki yake yalipovunjwa na kuondolewa.

Kilichobaki

Leo Glasgow haionekani tena bandarini. Beit al-Ajaib, iliyonusurika mizinga ya 1896, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ule mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa, na mahali palipokuwa maji sasa pana barabara na soko. Lakini jina la Hamamni lipo, na mtu wa Unguja akitajiwa Barghash, mara nyingi la kwanza atakalosema ni maji ya bomba.

Hapo ndipo maisha ya Seyyid Barghash yanapotuachia kipimo. Hakuna ubaya mtu kupenda kitu kizuri, na mvuto wa meli ndogo ya fahari unaeleweka: utulivu, heshima, uhuru wa kwenda unakotaka bila kusukumana na watu. Barghash alivutwa nao kama wanavyovutwa matajiri wa leo. Lakini aliponunua meli ya kuonekana nayo, ilikaa nangani miaka 18 na mwisho ikawa shabaha. Aliponunua meli kuukuu za kubeba mchele na mahujaji, watu walishiba na watu wakahiji.

Siku nyingine ukiwa Forodhani na ukaiona meli nyeupe imetia nanga, itazame vizuri, ni nzuri kweli. Kisha jiulize swali ambalo watu wa Unguja wangeweza kuiuliza Glasgow mwaka 1878: inakuja na nini, inaondoka na nini, na nani analipa makaa yake?